Ukirudi kwa daktari uliyemwacha

Swali hili hunijia kwa mnong'ono. Mtu ananivuta pembeni, anatazama huku na huku, kisha anauliza: "Nikirudi kwa daktari wangu wa zamani, atanichukia?" Mara nyingi muulizaji si mgonjwa wangu. Alikuwa akitibiwa na mwenzangu fulani, akahamia kwingine, huko mambo yakaenda sivyo, na sasa anaona haya kurudi. Wapo wanaokaa na maumivu miezi mizima kwa ajili ya haya hiyo tu.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani. Wagonjwa wangu wengi wana kisukari, presha, tezi, kifafa, yaani maradhi ambayo hayatibiwi mara moja yakaisha. Unaishi nayo, na unaishi na daktari wake pia. Kwa hiyo kuondoka na kurudi nimekuona kwa kila sura. Nitajibu nikiwa upande wangu wa meza, na sitapaka rangi.

Jibu la kwanza huenda likakuudhi: inawezekana kabisa hajui kwamba uliondoka. Mgonjwa wa kisukari aliyetulia namwona kila baada ya miezi mitatu, pengine sita. Asipotokea, hakuna kengele inayolia. Nafasi yake inachukuliwa na mwingine aliyekuwa akingoja kwenye benchi, na mimi nashukuru kimoyomoyo kwamba foleni imesogea. Wewe uko nyumbani unatunga hotuba ya kujieleza, na mimi nikifungua faili nadhani ulikuja juzi. Ni mpaka nione tarehe ndipo ninapokutazama mara ya pili.

Najua si jibu la kufariji. Mtu angependa akiondoka aonekane ameondoka.

Ila wapo ambao kuondoka kwao tunakuona, tena kunauma. Si lazima wawe wagonjwa mahututi. Mara nyingi ni wale tuliowapenda. Hatusemi hivyo hadharani, kwa sababu daktari anatakiwa awapende wagonjwa wote sawasawa, na hilo ni sawa na kusema hakuna anayempenda.

Mmoja nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nikimwita; mambo kadhaa juu yake nimeyabadilisha asitambulike. Alifundisha hesabu mpaka akastaafu. Kisukari alikuwa nacho muda mrefu, na alikuja kliniki na daftari lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, saa, sukari kabla ya kula, sukari baada ya kula, na chini ya kila ukurasa wastani, kwa nukta moja ya desimali. Nilikuwa nikilisubiri daftari lile. Wengine huja na simu iliyozimika chaji, au na kumbukumbu ya "ilikuwa sawasawa tu, Daktari."

Vidonge vilifika mahali vikashindwa. Hilo hutokea; kongosho huchoka kadiri miaka inavyokwenda, hata kwa mtu anayefuata masharti yote. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu, kile kiitwacho HbA1c, kilipanda mpaka kikapita asilimia 10, wakati lengo letu lilikuwa karibu na 7. Kipimo hiki hakidanganyiki kwa kufunga siku mbili kabla ya kliniki, maana kinasoma sukari iliyogandamana na chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi takriban siku 120. Nikamwambia wakati wa insulini umefika. Mwalimu akafunga daftari. "Nitalifikiria, Daktari." Hakurudi.

Habari zake nilizipata kwa mgonjwa mwingine, bila kuziuliza. Amepata mtu anayeuza unga wa mizizi, ambaye amemhakikishia kuwa ataacha dawa zote. Nilichokihisi siku ile hakikuwa huruma. Nikitaka kuwa mkweli, haikuwa hata hasira. Ulikuwa wivu. Daktari mzima, na miaka yangu yote ya masomo, nilimwonea wivu muuza unga. Yule alikuwa na saa nzima ya kumsikiliza na mimi nilikuwa na dakika kumi na tano. Yule alikuwa na ahadi, na mimi sina ahadi ya kuuza. Nina namba tu, na ushauri ambao hakuna anayeupenda.

Aliporudi alikuwa amevaa kandambili, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda ambacho hakujua kilianza lini, kwa sababu hakikumuuma. Kuna uzi wa plastiki tunaoutumia kupima hisia za nyayo. Umetengenezwa ili upinde ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10. Nikamwomba afumbe macho, aseme "ndiyo" kila nitakapomgusa. Nikagusa kidole gumba, nikagusa chini ya vidole vingine, nikagusa kisigino. Alikaa kimya, uso umetulia, akingoja nianze.

Katika dakika zile zilinipitia hisia tatu, na nakumbuka mpangilio wake. Ya kwanza ilikuwa furaha, rahisi kabisa: karudi, yuko hai. Ya pili ilikuwa "si nilikwambia." Hiyo ni tamu, tusidanganyane. Mgonjwa aliyekukataa anarudi akiwa ushahidi kwamba ulikuwa sahihi. Ni nani asiyependa kuwa sahihi? Tatizo lake ni kwamba inakalia kiti cha fikra. Ukiwa umeshughulika kushinda hoja ya zamani, huwezi kujiuliza kama maambukizi yamefika kwenye mfupa, na hilo ndilo swali pekee lililokuwa na maana siku ile. Ya tatu ilikuwa hofu. Na hii ndiyo ningependa uielewe kuliko zote, kwa sababu ndiyo unayoiona usoni mwetu ukaidhani ni chuki. Kidonda cha mguu wa kisukari kinaweza kumaliza mguu. Daktari anayeogopa hutoa sauti kali. Anauliza maswali harakaharaka, hatabasamu, anaandika ameinama. Mgonjwa aliyekuja na haya zake anaona uso ule anasema moyoni: nilijua tu, amenichukia.

"Usiniulize nilikuwa wapi," Mwalimu akasema.

"Sitakuuliza. Nitakuuliza ulikuwa ukinywa nini."

Akatoa daftari kwenye mfuko. Sikuamini. Unga aliuandika wote: kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, tarehe, na sukari ya asubuhi iliyofuata, safu kwa safu, wastani chini ya ukurasa. Alikuwa amemfanyia jaribio muuza unga yule bila yeye kujua. "Haikushuka," akasema, kidole chake kwenye namba ya mwisho. Akalifunga.

Kwa nini hakuja mapema, kama namba alikuwa nazo? Hilo alilitoa polepole, kwenye ziara nyingine. Dada yake alianzishiwa insulini, na haukupita muda akakatwa mguu. Mwalimu aliunganisha sindano na msumeno. Hesabu yake haikuwa ya kijinga, maana ndivyo wengi wanavyoona kwa macho yao: insulini huletwa ikiwa imechelewa, madhara yameshaiva, basi sindano ndiyo inayosingiziwa. Hakuwa amemkimbia daktari. Alikuwa ameukimbia mguu wa dada yake. Insulini alianza wiki hiyohiyo, yuniti 10 usiku, na kidonda kilifunga baada ya antibaotiki, kuoshwa na kufungwa kila mara, na kupumzishwa uzito kwa kiatu maalumu alichokichukia waziwazi.

Sasa niseme juu ya swali linaloleta kutoelewana kuliko yote: "Uliacha lini?" Nikiliuliza, naona mabega ya mtu yanashuka. Anasikia hakimu. Anaanza kupunguza: "Kama wiki mbili hivi," wakati ni miezi minne. Lakini tarehe ile siitaki kwa ajili ya kukusomea mashtaka. Kuna dawa ambazo, ukiziacha ukataka kuzirudia, huwezi kuanzia pale ulipoishia. Lamotrijini ya kifafa ni mojawapo. Mtu akikaa bila kuimeza siku kadhaa, takriban wiki moja kwa wengi, hutegemea na dawa nyingine anazotumia, inabidi aanze upya kwa dozi ndogo na kupandishwa kwa wiki nyingi, kwa sababu kurukia dozi kubwa kunaweza kuleta vipele vinavyochubua ngozi na kuua. Wenzangu wa afya ya akili wana klozapini, dawa ya maradhi mazito ya akili: ukiikosa kwa saa 48 tu unarudishwa kwenye miligramu 12.5, hata kama ulikuwa ukimeza mamia, la sivyo presha inaweza kuporomoka ukaanguka. Klonidini ya presha ina kisa cha upande wa pili. Ukiikatisha ghafla presha inaruka juu kuliko ilivyokuwa kabla hujaanza. Steroidi, zile dawa kali za kutuliza uvimbe na mzio, ukizimeza kwa muda mrefu kisha ukaziacha kwa mkupuo, mwili unaweza kujikuta hauna homoni yake yenyewe.

Kwa hiyo ukiniambia wiki mbili na kweli ni miezi minne, umeniheshimu kwa namna inayoweza kukulaza wodini. Nipe tarehe mbaya. Nimezisikia mbaya zaidi.

Wapo pia ambao kuondoka kwao kulituletea afueni, na nikiruka sehemu hii nitakuwa nimeandika uongo wa adabu. Nilikuwa na mgonjwa aliyekuwa akija na karatasi ya malalamiko iliyoandikwa pande zote mbili. Kichwa, mgongo, tumbo, ganzi ya vidole, usingizi. Kila dawa ilishindwa, kila kipimo kilitoka safi, na kila kipimo safi kilimkasirisha zaidi. Alipohamia kwa mwenzangu, nilihisi wepesi. Nilipoliona jina lake tena kwenye orodha ya asubuhi, tumbo lilinishuka kabla sijaweka mkoba chini.

Mwaka 1978 daktari wa akili wa Marekani, James Groves, alichapisha katika New England Journal of Medicine makala juu ya wagonjwa wanaochukiza. Kichwa chake kilikuwa wazi kiasi hicho, na bado kinawashtua madaktari wanafunzi ninapowasomesha. Hoja yake ni kwamba wapo wagonjwa wachache wanaoamsha kwa daktari chuki, hofu na kukata tamaa, na kujifanya hisia hizo hazipo si tiba njema. Ukizikana, makosa ya uchunguzi huongezeka. Ukizitazama, zinakuwa taarifa, kama vile joto la mwili lilivyo taarifa. Tumbo langu kushuka kulikuwa kunaniambia kitu: huyu mtu anakuja akitarajia kutupwa, na anafanya kila awezalo ili atupwe mapema, aumalize huo mngojo.

Nilimpa kitu ambacho hakuwahi kukiomba, yaani tarehe. Kila wiki nne, dakika ishirini, awe anaumwa zaidi au hajambo. Hahitaji dalili mpya ili apate nafasi. Mbinu hii si yangu. Madaktari wa familia wameitumia kwa wagonjwa wa aina hii tangu zamani. Maumivu yake hayakuisha. Karatasi ilipungua ikawa upande mmoja, na safari za usiku kwenda idara ya dharura zikakoma. Siwezi kusema nampenda. Nimemzoea, na siku asipotokea naulizia.

Nina bahati ya kuwa kwenye kikundi cha madaktari wanaokutana kuzungumzia wagonjwa wao. Si vipimo vyao, ni yale wanayotufanyia moyoni. Vikundi hivi vilianzishwa London miaka ya 1950 na Michael Balint, daktari mzaliwa wa Hungaria, na bado vinaitwa kwa jina lake nchi nyingi. Tuliwahi kutumia kikao kizima kuzungumzia wanaorudi. Daktari wa watoto alisema yeye haumii mama akimpeleka mtoto kwingine. Angefanya hivyohivyo kwa mwanawe. Anachokiogopa ni kurudi kwa mama aliyeambiwa huko kwamba daktari wa kwanza aliharibu. Mpasuaji, mtu wa maneno machache, alisema hapendi kurudiwa na mgonjwa aliyekataa upasuaji wake akafanyiwa na mwingine: "Nafungua tumbo la mtu mwingine." Mwenzetu wa tiba ya mazungumzo alitucheka sote. Kwake kuondoka na kurudi ndiyo kazi yenyewe. Mgonjwa akikatisha ghafla akarudi baada ya mwaka, vyote viwili vinawekwa mezani na kuzungumzwa, kwa sababu pengine ndivyo anavyofanya na kila anayemkaribia.

Akatukumbusha kisa cha Freud, mwanzilishi wa tiba ya kuchambua nafsi kwa mazungumzo, na tangu siku hiyo hakijaniacha. Mwaka 1900 msichana wa karibu miaka 18, Ida Bauer, aliletwa na baba yake kwa Sigmund Freud huko Vienna. Freud alimwandikia kisa chake akimpa jina la Dora. Matibabu hayakufika miezi mitatu. Siku ya mwisho ya mwaka ule Dora akatangaza kwamba hiyo ndiyo mara yake ya mwisho. Freud akamuuliza ameamua lini. Wiki mbili zilizopita, akajibu. Freud akamwambia hiyo inafanana na notisi ya mtumishi wa ndani. Isome tena sentensi hiyo. Huyo ni mtu mzima aliyeumia.

Aprili 1902 Dora akarudi. Alikuwa na maumivu ya upande mmoja wa uso na aliomba msaada. Freud anaandika kwamba alimtazama mara moja tu akajua hana nia ya dhati. Dora alipomwambia maumivu yana wiki mbili, Freud akatabasamu: wiki mbili kabla, Dora alikuwa amesoma habari juu yake gazetini. Maumivu ya msichana yakawa, kwa maelezo ya daktari, yanamhusu daktari. Hakumpokea. Akaahidi kumsamehe kwa kumnyima yeye, Freud, furaha ya kumponya sawasawa. Mgonjwa anakuja na uso unaouma, anaondoka na msamaha ambao hakuuomba.

Ningeweza kusema Freud hakuwapokea waliorudi, lakini si kweli. Sergei Pankejeff, Mrusi tajiri aliyetibiwa naye kuanzia 1910 hadi 1914, alirudi Vienna mwaka 1919, mapinduzi ya Urusi yakiwa yamemfilisi. Freud akamtibu tena bila malipo, tena akamchangishia fedha kwa miaka. Tofauti ni nini? Zipo nyingi, ila moja ndiyo inayonikaa. Matibabu ya kwanza ya Pankejeff yaliisha siku iliyopangwa na Freud mwenyewe. Dora alijiondokea. Nadhani wengi wetu tuko hivyo: mgonjwa tuliyemruhusu aende tunampokea kwa mikono miwili, na aliyejiruhusu mwenyewe tunamtazama usoni kuona kama ana nia ya dhati.

Na ruhusa hiyo hakuna aliyetupa. Tamko la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani, la mwaka 1981 pamoja na marekebisho yake, linasema mgonjwa ana haki ya kumchagua daktari wake kwa hiari na kumbadili, na ana haki ya kuomba maoni ya daktari mwingine hatua yoyote ile. Tulijiandikia wenyewe. Ukienda kwa mwenzangu kupata maoni ya pili, hujanisaliti. Ukirudi na jibu lilelile nililokupa, utaniona nimejawa na unyenyekevu wa uongo, nivumilie. Ukirudi na jibu tofauti, leta karatasi. Nitakunja uso, kisha nitaisoma.

Kuna kuondoka kwa namna nyingine: mgonjwa aliyelazwa anayesaini fomu na kutoka wodini kinyume cha ushauri wa daktari. Usiku ule huwa tunakasirika, sikatai, hasa tukiwa tumekesha na mtu huyo. Lakini fomu ile inaandika jambo moja tu, kwamba ulielezwa hatari ukaamua kwenda. Haisemi umefukuzwa. Watu hudhani ndiyo hukumu, hivyo homa ikiwarudia wanangoja mpaka washindwe kusimama. Rudi usiku uleule ukibidi. Atakayekupokea pengine ni mwingine kabisa, zamu zinabadilika, na yeye hana habari na ugomvi wako.

Je, wapo ambao daktari ana haki ya kutowapokea tena? Wapo. Aliyempiga muuguzi, anayetishia, anayemsumbua mhudumu wa mapokezi kwa maneno ya aibu, anayeghushi vyeti vya dawa. Hapo daktari anatakiwa aseme wazi, kwa maandishi, ampe mtu muda na njia ya kupata daktari mwingine, na asimwache kwenye dharura. Kinachonikera ni njia ya kimyakimya: mtu anaambiwa mapokezi kwamba "nafasi zimejaa" mwezi baada ya mwezi, mpaka achoke. Huo ni woga. Kama sikutaki, nikwambie.

Kwa upande wako, huhitaji hotuba. Mapokezi sema tu: "Nilikuwa mgonjwa wake, nataka kurudi." Ukiingia, leta ulichopewa kwingine, hata maboksi matupu, na majibu ya vipimo ili tusikutoboe tena bure. Yale yasiyokuwa na karatasi, ya mizizi au ya maduka, yalete au yapige picha. Nitauliza tarehe. Ukitaka kuniambia kwa nini uliondoka, niambie, hasa kama ni kwa sababu yangu; ukiwa hutaki, tutafanya kazi vilevile. Na ukiona uso wangu umekaza, uliza: "Daktari, kuna kitu kinakutia wasiwasi?" Swali hilo limewahi kunirudisha kwenye akili yangu katikati ya kliniki.

Mimi mwenyewe kwa muda mrefu sikuuliza kwa nini mtu aliondoka. Nilijiona namsitiri, kumbe nilikuwa najisitiri. Kulikuwa na mama mmoja wa presha ambaye ziara yetu ya mwisho iliisha vibaya. Alitaka vidonge vipungue, mimi nikaongeza kimoja, sauti ikapanda, ya kwangu. Hakuonekana tena. Kila nilipoandika dawa ile kwa mtu mwingine nilimkumbuka, nikaijenga kesi yake na kuijibu, siku nyingine nikishinda mimi, siku nyingine yeye. Miaka ikapita. Asubuhi moja huyo hapo, amekaa kwenye kiti kilekile, mkoba magotini. Nilikuwa mpole kupita kiasi. Nilimsogezea kiti kisichohitaji kusogezwa. Mwishowe nikashindwa kuvumilia nikamwambia: "Mama, najua mara ya mwisho tuligombana kuhusu zile dawa, na kama ndiyo iliyokuondoa..."

Akanitazama. "Tulihama, Daktari. Mzee alipata kazi mbali. Kwani tuligombana?"

Presha yake ilikuwa 168 kwa 96. Alikuwa bado anameza kile kidonge nilichokiongeza, na bado alitaka vipungue.